Grisi inayogeuka maziwa: viungo gani vinafaa winchi za baharini?

Swali: Assalaam aleikum, bwana mtaalamu. Nina karakana ndogo Mtongwe, natengeneza winchi na pampu za mashua za uvuvi. Natumia grisi ya lithiamu nambari 2, ile ya beringi za gari. Baada ya wiki mbili tatu inageuka nyeupe kama maziwa, na nikifungua nakuta kutu. Fundi mmoja ameniambia nichanganye unga wa grafiti na oili ya gia ya difu. Mwengine asema nitie oili chafu kidogo iwe laini. Mimi mwenyewe nafikiria kununua kemikali nipike grisi yangu. Lipi sawa? Bushi za winchi ni za bronzi, shafti ni chuma cha kawaida.

Jibu: Waalaikum salaam, fundi. Nianze na jibu lenyewe: usitie kitu chochote ndani ya grisi uliyo nayo. Ibadilishe. Tafuta grisi ya kalsiamu salfonati changamano yenye oili nzito, osha vyombo vyako vyote hadi chumvi itoke, kisha utie grisi kwa kufuata bamvua, yaani maji makuu ya kila wiki mbili. Yaliyobaki hapa chini ni sababu, nazo ni muhimu, kwa kuwa asiyezijua hurudi kwenye kopo lile lile siku atakayopata ushauri mwengine.

Grisi ni oili iliyoshikwa na sabuni, kama sifongo inavyoshika maji. Kwa uzito, oili ni kati ya asilimia 70 na 95, sabuni ni asilimia 5 hadi 25 hivi, na viungo vya kemikali kwa kawaida havizidi 10. Kinacholainisha ni oili. Sabuni kazi yake ni kuizuia isikimbie na kuiachia kidogo kidogo. Viungo ndivyo vinavyozuia kutu, vinavyobeba mzigo mzito na vinavyochelewesha grisi kuchacha.

Sabuni ya grisi yako ni ya lithiamu, na asili yake ni mafuta ya mbarika. Ni sabuni nzuri, inastahimili joto hadi karibu 190°C kabla ya kudondoka, na ndiyo maana imeenea duniani tangu Clarence Earle alipopewa hataza zake Marekani mwaka 1942. Ikipata maji kidogo huyameza na kuendelea na kazi. Ikipata maji mengi huku inakandwa na beringi, huyavunja kuwa matone madogo sana, na matone hayo hutawanya mwanga. Huo ndio weupe unaouona. Grisi inalegea, inatiririka, na kila tone ndani yake limebeba chumvi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Kloridi ya chumvi hiyo hupenya utando wa kuzuia kutu ambao kwenye maji ya mvua ungesimama imara. Grisi ya gari imetengenezwa kuhimili gari linalopita dimbwini. Winchi ya mashua inarukiwa na maji ya bahari mchana na usiku.

Sasa tuje kwenye ushauri uliopewa, maana kila mmoja una kosa lake.

Viungo vingi vya grisi hufanya kazi juu ya uso wa chuma. Molekuli zake zina kichwa na mkia: kichwa hushika chuma, mkia huelekea kwenye oili. Nafasi juu ya chuma ni chache, kama viti vya matatu saa ya jioni. Kizuia kutu anataka kiti, na kibeba mzigo cha salfa na fosforasi anataka kiti hicho hicho. Mtengenezaji wa grisi amepima uwiano ili wote wapate pa kukaa. Ukimwaga oili ya gia ndani, umepakia abiria wengine kwa nguvu, na aliyekuwa akizuia kutu ndiye anayeweza kusukumwa nje.

Halafu hesabu yenyewe haikubali. Oili ya difu ya GL-5 huwa na asilimia 5 hivi ya kiungo cha kubeba mzigo. Ukitia gramu 100 ndani ya gramu 900 za grisi, umeongeza gramu 5 tu, yaani nusu ya asilimia, wakati grisi iliyokusudiwa mzigo mzito hupewa asilimia 2 hadi 5 tangu kiwandani. Umepata faida ndogo, na umeilegeza grisi iliyokuwa tayari inaoshwa kwa kulegea. Zaidi ya hapo, salfa ya namna hii huamka kwa joto: meno ya gia yakisagana, mahali pa mguso hupata joto kali, salfa huungana na chuma, na utando mwembamba unaopatikana ndio unaozuia vyuma visishikane. Bushi ya winchi inazunguka polepole na haifiki joto hilo. Salfa inabaki haijafanya kazi, na kwenye bronzi yako, ikiwa ni aina kali, huanza kuigeuza kahawia kisha nyeusi.

Grafiti ni kosa kubwa zaidi, na nasikitika kwamba ushauri huu unazunguka sana hapa pwani. Grafiti inalainisha kweli, lakini inapitisha umeme. Ukipanga metali kwa jinsi zinavyolika ndani ya maji ya bahari, grafiti iko kule juu kabisa na vitu visivyolika, chuma kiko chini, zinki chini zaidi. Viweke pamoja na maji ya chumvi katikati, umetengeneza betri. Grafiti haidhuriki, shafti ndiyo inayolika. Waya uliopakwa zinki unapoteza zinki yake kwanza. Na kumbuka bushi ya bronzi na shafti ya chuma tayari ni betri hata bila grafiti. Kazi ya kwanza ya grisi yako ni kuzuia maji ya chumvi yasizifikie zote mbili kwa pamoja.

Kama kweli unahitaji unga mgumu kwa ajili ya bushi nzito, molibdeni disalfaidi ya asilimia 1 hadi 3 inatosha, na iwe imetiwa kiwandani. Unga uliokorogwa kwa kijiti hufanya mabonge. Kwenye beringi za mipira zinazokwenda kasi usiitake kabisa.

Oili chafu nitaipita haraka. Ina asidi zilizotokana na kuungua kwa dizeli, masizi, maji na vumbi la chuma. Unachotia kwenye beringi hapo ni msasa na asidi.

Kuhusu kupika grisi mwenyewe, nitakupa hesabu ili uone kazi ilivyo. Kwa kilo 100 za grisi ya lithiamu nambari 2, unahitaji takriban kilo 8 za asidi ya haidroksisteariki, ile inayotokana na mafuta ya mbarika yaliyotiwa haidrojeni. Kwa asidi hiyo utahitaji lithiamu haidroksaidi yenye maji yake ya fuwele kilo 1.12, na chembe zaidi ili alkali ibakie kidogo. Asidi huyeyushwa ndani ya sehemu ya oili kwenye 90°C hivi, kisha lithiamu iliyoyeyushwa katika maji moto huingizwa polepole. Maji yakianza kutoka, povu hupanda ghafla na kumwagika. Baada ya hapo joto hupandishwa hadi 200°C na kupita kidogo ili sabuni yote iyeyuke, oili iliyobaki hutiwa kupoza, viungo huongezwa joto likishuka chini ya 90°C au karibu na hapo, na mwisho grisi hupitishwa kwenye kinu cha kuisaga ili nyuzi za sabuni ziwe sawa.

Hatari iko hapo kwenye 200°C. Oili nyingi za madini huanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye 220°C hadi 250°C. Kwenye jiko la gesi na pipa, tofauti hiyo ya nyuzi 20 huwezi kuishika: chini ya pipa kutakuwa kumepita tayari huku kipimajoto cha juu kinasoma 190. Unga wa lithiamu haidroksaidi nao unaunguza macho na koo. Na hata ukinusurika, bila kinu utapata grisi yenye chembechembe inayotoa oili pembeni. Kalsiamu salfonati ndiyo ngumu zaidi, maana kalsiamu kaboneti iliyomo lazima ibadilishwe umbo ndani ya oili kutoka kwenye vumbi lisilo na mpangilio hadi fuwele za kalsaiti. Acha kazi hii kwa kiwanda. Wewe shinda kwenye kuchagua na kuosha.

Kwa nini basi kalsiamu? Wazee wetu walijua nusu ya jibu. Deheni waliyopaka chini ya vyombo ilikuwa chokaa na mafuta, na chokaa ikikutana na mafuta huzaa sabuni ya kalsiamu, sabuni isiyoyeyuka majini. Grisi za zamani za kalsiamu zilikuwa na maumbile hayo hayo: maji hayaziwezi, lakini zinahitaji maji kidogo ndani yake ili sabuni ishikane, hivyo zikizidi 60°C hivi zinavunjika. Kalsiamu salfonati changamano imeondoa udhaifu huo. Kiwango chake cha kudondoka, yaani joto ambalo grisi hulegea na kuanza kudondoka, kwa kawaida ni zaidi ya 280°C. Salfonati yenyewe ni kizuia kutu, kwa hiyo sabuni na kiungo vimekuwa kitu kimoja na hakuna kugombania kiti. Na zile fuwele za kalsaiti, madini yale yale ya mawe ya chokaa, ni vibamba vidogo vinavyoteleza kati ya vyuma na kubeba mzigo bila kusubiri joto. Kwa bushi ya polepole ya bronzi, hiyo ndiyo hasa unayoitaka. Bei yake ni ya juu kuliko ya lithiamu, lakini linganisha na bei ya beringi na siku mashua inayolala bila kuvua.

Ukienda dukani usikubali maneno ya kopo tu, kwa kuwa neno la baharini linaandikwa kirahisi. Omba karatasi ya maelezo ya kiufundi na usome haya. Nambari ya ugumu iwe 2 kwa bushi na beringi unazotilia kwa mkono, au 1 kama mrija wa grisi ni mrefu. Nambari 2 maana yake ni kwamba koni ya kipimo huzama sehemu 265 hadi 295 za kumi za milimita kwenye 25°C. Mnato wa oili uwe kati ya 320 na 460 sentistoki kwa 40°C. Grisi nyingi za gari ziko kati ya 150 na 220, na kwa shafti inayozunguka polepole utando wake ni mwembamba mno. Watu wa nchi baridi huogopa oili nzito kwa sababu ya majira yao, sisi Mombasa hatuna shida hiyo.

Kisha tafuta kipimo cha kutu kinachoitwa Emcor, D6138 (nambari hizi za D ni za vipimo vya ASTM), na uangalie kimefanywa kwa maji gani. Wengi huandika matokeo ya maji safi yaliyotoneshwa. Wewe unataka ya maji ya bahari, na alama iwe 0, au 1 ikizidi sana, katika kipimo kinachokwenda hadi 5. Kuoshwa na maji, D1264, kwenye 79°C kusizidi asilimia 5. Mzigo wa kuungana wa mipira minne, D2596, yaani mzigo unaofanya mipira ya chuma ya kipimo ishikane, uwe kilo 400 au zaidi. Kipimo cha ukanda wa shaba, D4048, kinachoonyesha grisi inavyobadilisha rangi ya shaba, kiwe 1a au 1b, ili bronzi yako iwe salama. Muuzaji asiye na karatasi hii, mshukuru na uende kwa mwengine.

Kuna pia alama ya Kijerumani utakayoikuta, kwa mfano KP2K-20. K ya kwanza ni grisi ya beringi, P ni kiungo cha mzigo mzito, 2 ni ugumu, K ya pili ni joto hadi 120°C pamoja na ustahimilivu mzuri wa maji, na -20 ni baridi ya chini. Ingekuwa M badala ya ile K ya pili, joto ni lile lile lakini ustahimilivu wa maji ni mdogo. Isome alama hiyo, ila ujue kipimo chake cha maji ni cha kuzamisha tu, bila chumvi wala msukosuko.

Kubadilisha ndiko wengi wanakoharibu. Kwanza ondoa grisi ya zamani kwa mafuta taa na brashi. Hapo beringi itang'aa nawe utadhani umemaliza, kumbe chumvi bado ipo: mafuta taa hayayeyushi chumvi. Osha tena kwa maji moto ya bomba yenye sabuni kidogo, suuza mara mbili kwa maji moto safi, halafu kausha kwenye joto la 80°C hadi 100°C. Usizungushe beringi kavu kwa upepo wa kompresa, mipira hukwaruza njia zake. Ikitoka tu kwenye joto, ichovye kwenye oili nyepesi safi, iache ichuruzike, kisha ijaze grisi siku hiyo hiyo. Beringi yenye mashimo ya kutu kwenye njia ya mipira itupe, grisi haiponyi shimo. Angalia na shafti pale mdomo wa sili unapogusa: ukipitisha ukucha ukahisi mtaro, sili mpya haitasaidia mpaka uisogeze kidogo au uvishe shafti pete.

Mirija na nipeli zina grisi ya zamani ndani. Sukuma mpya hadi rangi ibadilike kabisa kabla ya kuunganisha. Tenga pampu moja ya grisi kwa aina hii pekee na uipake rangi. Lithiamu na kalsiamu salfonati mara nyingine hupatana, mara nyingine hulegezana, inategemea viwanda. Ukitaka kujua za kwako, kanda gramu 50 kwa gramu 50, weka kwenye chupa ya kioo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka kwa saa 6, pembeni weka kila moja peke yake, kisha ziache zipoe usiku kucha. Mchanganyiko ukiwa laini kuliko zote mbili au umetoa oili juu, hazipatani. Tahadhari zaidi na mota za umeme za pampu: beringi zake mara nyingi hutoka kiwandani na grisi ya poliyurea, ambayo haipatani na nyingi. Zile zilizozibwa kwa raba pande zote usizifungue.

Kiasi nacho hutofautiana. Bushi na beringi za winchi zinazozunguka polepole, zijaze hadi karibu kutapika, kwa kuwa grisi ndiyo ukuta wako wa kuzuia maji. Beringi ya pampu inayokwenda mizunguko 2,900 kwa dakika usiifanyie hivyo, itajipasha joto yenyewe. Zidisha kipenyo cha nje kwa upana, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.005, utapata gramu za kila mara. Beringi ya 6208 ina kipenyo cha 80 na upana wa 18, basi ni gramu 7. Pima pampu yako ya mkono kwenye mizani: bonyeza mara 20, gawanya uzito kwa 20. Nyingi hutoa gramu moja hivi kwa mbonyezo, lakini zatofautiana.

Muda: anza na kila bamvua, yaani siku 14 au 15, ni rahisi kukumbuka kwa watu wa bahari. Kusi ikipiga, fanya kila wiki. Tia grisi jioni mashua inaporudi, vyuma vingali na joto, huku mtu anazungusha winchi taratibu, hadi grisi safi itoke pembeni mwa sili. Sababu ni kwamba nyumba ya beringi yenye joto ikipigwa na maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia mdomo wa sili. Ukiijaza kabla haijapoa, inakosa pa kuvutia.

Waya wa winchi usiupake grisi ya nambari 2. Inakaa juu na kufungia maji ndani ya nyuzi. Suuza waya kwa maji ya bomba, uache ukauke juani, kisha upake kwa brashi ngumu grisi ya jamii ile ile lakini nambari 0 au 00, ipenye. Grisi chafu inayotoka kusanya kwenye ndoo na uwape wenye leseni ya kubeba taka ya NEMA, mamlaka ya mazingira, isifike majini.

Kabla ya kununua ndoo ya kilo 18, nunua kopo dogo ulijaribu. Chukua vipande vitatu vya bamba la chuma, visugue kwa msasa namba 240 hadi ving'ae, vioshe kwa tina, usiviguse tena kwa vidole. Kimoja kipake grisi ya zamani, cha pili mpya, cha tatu kiache kitupu. Futa kila kilichopakwa kibaki utando mwembamba tu, vizamishe nusu kwenye maji safi ya bahari kwa siku 7 na uangalie mstari wa maji, hapo ndipo kutu huanzia. Kisha kanda gramu 100 za grisi mpya na gramu 20 za maji ya bahari kwa dakika 10. Ikiyameza bila kulegea sana, inafaa.

Na mwezi wa kwanza usishtuke ukiona inayotoka bado ina weupe kidogo. Kalsiamu salfonati nayo hubeba maji, ila hubaki nzito na hukinga chuma. Rangi ya kuichunga ni nyekundu ya kutu au kahawia. Ikitoka hiyo kwenye winchi moja huku nyingine ziko safi, tatizo si grisi tena, fungua sili ya winchi hiyo.